Ukurasa wa Hitilafu

Siku ya kusomwa orodha pale Rujewa, Maganga alitangaziwa mbele ya kijiji kizima kwamba nyumbani kwake hakuna mtu.

Karani wa mradi wa mpunga, kijana aliyeitwa Anania, hakuwa na nia mbaya. Alipanda juu ya benchi mbele ya ghala la chama, akaikunjua karatasi ndefu yenye matundu pembeni, akaanza kusoma kama ilivyochapwa: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu wake, na ukubwa wa shamba atakalopewa kwenye mfereji mpya. Alipofika kwa Maganga alisita, akaisogeza karatasi karibu na macho, akasoma hivyo hivyo.

"Maganga. Watu, sifuri. Shamba, sifuri."

Watu walicheka. Kicheko cha mkutano kina tabia ya kuanzia nyuma, kwa vijana, na kabla hujajua kimeshawafikia wazee waliokaa kwenye viti.

"Hata wewe mwenyewe hupo, mzee?" aliuliza mmoja. "Sasa huyo aliyelewa kwangu juzi alikuwa nani?"

Maganga alicheka pamoja nao, kwa sababu mtu mzima akichekwa hana njia nyingine. Lakini mikono yake ilikuwa imeishika bakora kwa nguvu. Alikuwa ametoka Shinyanga na ng'ombe, akafika Usangu akakuta majani yanagombaniwa, na mradi ulipokuja kuomba watu wa kuchimba mfereji, yeye na mwanawe Bartolomeo walichimba tangu mwanzo hadi mwisho, matope kiunoni. Waliahidiwa shamba la mpunga kulingana na midomo iliyopo nyumbani. Maji yangefunguliwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Asiyekuwa na shamba siku hiyo angekaa mwaka mzima akitazama wenzake wakipandikiza, au angefungasha tena na kuhama, na Maganga alikuwa amechoka kuhama.

Mkutano ulipokwisha alimfuata Anania nyuma ya ghala.

"Mimi sikuandika sifuri, mzee wangu," Anania alisema kabla hajaulizwa. "Nilipokuja kwako, mama alikataa kutaja idadi ya watoto. Unakumbuka? Wasukuma wengi wamenikatalia hivyo. Nikaacha kisanduku cha idadi kitupu kwenye kadi yako, kama kitabu kinavyosema. Kitabu kinasema mashine kule Iringa ikikuta kisanduku kitupu itasimama, na kadi itarudi kwangu nije tuzungumze vizuri. Sasa kadi haijarudi. Imerudi orodha."

"Hicho kitabu kimeandikwa na nani?"

Anania aliangalia viatu vyake. "Na Marta wako, mzee."

Maganga alipanda basi kwenda Iringa kesho yake. Alikuwa hajawahi kufika kazini kwa binti yake, ingawa alikuwa ameieleza sana kazi hiyo vilabuni, na kila alipoeleza mashine iliongezeka ukubwa. Mlangoni mlinzi alimtazama kuanzia makatambuga yake ya tairi kwenda juu.

"Vua hivyo, mzee. Mashine haitaki vumbi."

"Inajua nimevaa nini?"

"Vua tu."

Akaingia pekupeku, sakafu baridi, makatambuga mkononi. Aliketi pembeni kabisa mwa kiti, kama watu wanavyoketi mahali ambapo wanaweza kuambiwa wainuke. Marta alipotoka chumba cha ndani na kumwona baba yake katika hali ile, alimwendea haraka. Alijua mzee hasafiri bila msiba.

"Mwangaluka, baba. Kuna nini nyumbani?"

"Mwangaluka, mwanangu. Nyumbani hakuna kitu. Mashine yako imesema hata sisi hatupo."

Alisema bila hasira yoyote, na hapo ndipo Marta alipoogopa. Baba alimsimulia mambo yote, hadi kicheko cha vijana. Marta alikwenda kwenye kabati, akatoa waraka uliotoka kwa watengenezaji wa mashine miezi michache nyuma, akauweka mezani kando ya ukurasa wake mwenyewe, akaanza kuusoma upya kwa kidole.

Kazi ya Marta ilikuwa hii. Ile mashine, kompyuta, ilikuwa na lugha yake, na asiyeijua lugha hiyo hakuweza kuituma hata kujumlisha moja na moja. Ndugu Edmund ndiye aliyeiandikia maagizo. Marta aliandika Kitabu cha Maelekezo, kwa Kiswahili, ili maagizo hayo na sheria za lugha hiyo zieleweke na kila aliyehusika, kuanzia Edmund mwenyewe hadi karani wa kijijini. Lugha ilipobadilika, kitabu kilipaswa kubadilika.

Na ilikuwa imebadilika, tena mahali pabaya: sura ya hitilafu. Zamani mashine ikikutana na jambo isilolielewa, kama kisanduku kitupu, ilisimama na kuwasha taa nyekundu, na Edmund aliacha hata chakula akaja mbio. Sasa watengenezaji walisema imetosha. Mashine haitasimama tena. Mwandishi wa maagizo aiambie mapema ifanye nini kila hitilafu itakapotokea. Na chini kabisa ya waraka kulikuwa na sentensi moja: asipoiambia, mashine itahesabu sifuri na kuendelea.

Sentensi hiyo haikuwemo kwenye ukurasa wa Marta.

Aliikumbuka vizuri. Ukurasa ulikuwa umejaa, stensili, karatasi ya nta ya kuchapia nakala, ilikuwa imebaki moja ofisini, na makao makuu ya Mbeya yalikuwa yamekataa ombi la nyingine. Alijiambia kwamba Edmund ni fundi, hawezi kukosa kulijua jambo kama hilo, akaiacha. Tena siku hiyo alijisifu kwa kuubana ukurasa. Ukurasa wenyewe haukuwafikia hata makarani wa vijijini, kwa kukosa karatasi, ndiyo maana Anania alikuwa bado anafuata ule wa zamani. Sasa aliona aibu hadi masikio yakamwasha.

Alimwita Edmund, akamwonyesha karatasi zote mbili. Edmund alikuwa Mhehe mrefu, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisoma, akasoma tena.

"Mbona hukuiweka?"

"Stensili."

"Stensili," Edmund alirudia, akakaa. Akaanza kutikisa kichwa. "Na mimi? Waraka ulikuwa hapa. Nikaona maandishi madogo, Kiingereza kirefu, nikasema Marta ameshatafsiri, nisome wake. Kwa hiyo maagizo yangu hayasemi chochote juu ya kisanduku kitupu. Nilifikiri kisichosemwa hakina madhara." Akamgeukia Maganga. "Mzee, tumekukosea. Sote wawili."

Maganga hakuwa amezoea kuombwa radhi na watu wa kalamu. Aliyaweka makatambuga chini.

"Basi imekwisha," alisema. "Toboeni kadi yangu moja tu, muweke idadi, niende. Nani atajua?"

Edmund alisimama akaenda kutazama dirishani, ingawa dirishani hapakuwa na kitu zaidi ya ukuta wa jirani. Marta alibaki na baba yake. Mashine ya kutoboa kwenye kadi matundu yanayosomwa na kompyuta ilikuwa pale pale, hatua mbili. Angeweza kumaliza jambo hilo kabla chai haijapoa.

"Baba, kuna kaya nyingine nyingi zimepata sifuri. Wote wale tuliohama nao. Hao nani atawatobolea?"

"Nao wana watoto wao Iringa?"

"Hawana."

Mzee aliyaokota makatambuga yake. Haikuwa rahisi kwake, na Marta aliliona hilo, kwa kuwa shamba lilikuwa karibu kabisa na mkono.

"Halafu," Marta aliendelea taratibu, "hata yako peke yake, nitoboe ngapi?"

"Muulize mama yako."

"Wewe hujui watoto wako wangapi?"

"Nawajua wote. Lakini nilimwahidi sitaitaja idadi. Na sitaanzia kwenye ofisi ya watu."

Edmund alirudi kutoka dirishani. Alisema maagizo anaweza kuyaandika upya, hiyo ni kazi ya siku moja, na mashine anaweza kuirudisha mwanzo. Ila mambo mawili hayakuwa mikononi mwake. La kwanza, orodha ilikuwa imetiwa sahihi na meneja, Ndugu Asukile, kule Mbeya, na bila ruhusa yake hairudiwi. La pili, aiambie mashine ifanye nini? Ikikuta kisanduku kitupu isisimame, isiandike sifuri, sawa. Ifanye nini basi, kama mama hataki kusema?

"Nitakwenda kumwuliza," alisema Marta.

Mama Marta alikuwa amekaa kivulini ubavuni mwa nyumba, akisukasuka maziwa kwenye kibuyu. Jina lake ni Milembe, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa Maganga, na Maganga naye kwa nadra. Alimpokea binti yake, akampa maziwa ya mgando, akamsikiliza. Aliposikia kwamba yeye ndiye aliyesababisha sifuri, aliacha kusukasuka.

"Kwa hiyo shamba limepotea kwa mdomo wangu."

"Hapana, mayu. Limepotea kwa ukurasa wangu."

"Watu wanasema naogopa uchawi."

"Nilikuwa nasema hivyo hata mimi," Marta alikiri. "Niliwaandikia makarani: wapo wazazi wanaoogopa kuhesabu watoto, msiwalazimishe. Niliona nimewaheshimu."

Mama alitabasamu kidogo. Kisha akaegemeza kibuyu ukutani.

"Unakumbuka mwaka tuliofika huku, nilivyokwenda zahanati na mdogo wako mgongoni? Wewe ulikuwa shule. Nesi aliniuliza, una watoto wangapi. Nikamtajia. Akaandika. Wiki ile ile Nkuba akazidiwa na homa, tukamzika pale ng'ambo ya mto. Nilipomrudisha mdogo wako kuchomwa sindano, nesi yule yule akaniuliza tena, una watoto wangapi. Akashika kalamu ananisubiri." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Ningemwambia nini? Nikisema kama mwanzo, mwongo. Nikipunguza, mimi mama yake ndiye ninayemtoa. Nikainuka nikaondoka. Sindano hakuchomwa. Tangu siku hiyo sihesabu. Siogopi kitu mimi. Nimekataa tu."

Marta alikuwa ameishi na kukataa kule nyumbani mwao, akaandika habari zake hadi kitabuni, bila hata mara moja kumwuliza mwenyewe. Alimshika mama yake mkono, kuku wakidonoa matone ya maziwa.

"Mayu, jioni wakati wa kula, unajuaje kama wote wamerudi?"

"Si nawaita."

"Unawaitaje?"

"Kwa majina. Nitawaita kwa nini kingine?"

Marta alitoa karatasi na kalamu kwenye kikapu. "Basi niite majina. Usihesabu wewe. Na mimi sitahesabu. Mashine ndiyo itahesabu, nayo haina mama."

Mama alifikiri jambo hilo. Aliligeuza kichwani kama mtu anavyogeuza nguo sokoni akitafuta penye tundu. Hakuliona. Akaanza, kwa sauti ile ile ya jioni.

"Marta."

"Mimi nakaa Iringa, mayu. Mgao ni wa wanaokula hapa."

"Nimekuuliza unakaa wapi? Andika. Marta. Bartolomeo. Nkuba."

Kalamu ya Marta ilisimama.

"Andika," alisema mama. "Hapo ndipo mahali pake. Ukimruka, hao wanaofuata sitaweza kuwaita."

Marta aliandika. Seni akafuata, kisha Kashindye, kisha Ngolo aliyekuwa anachungulia mlangoni akasikia jina lake akaitika. Mama alipomaliza alipumua, akarudi kwenye kibuyu chake.

Ila Marta alibaki anaitazama karatasi. Mradi usingempa marehemu shamba, wala yeye mwenyewe asiyelala pale, na hakutaka kudanganya hata kidogo, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa bado linamwuma. Lakini hakuwa tayari kufuta. Alichukua kalamu, akaweka nyota ndogo mbele ya jina la Nkuba. Kisha akaweka nyota nyingine kama ile mbele ya jina lake mwenyewe.

Hapo akaelewa kitu alichokuwa hajakielewa alipokuwa akitafsiri waraka ule kwa haraka. Kumbe haikuwa lazima mashine ichague kati ya kusimama na kusema sifuri. Lugha mpya ilikuwa inamtaka mwandishi amalize kufikiri kabla, basi. Alijikuta anawashukuru wale wazungu wa mbali waliouandika, pamoja na maandishi yao madogo.

Ofisi ya Ndugu Asukile, Mbeya, ilikuwa na baridi kama kawaida ya Mbeya, na mwenyewe alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba. Alimwacha Marta amesimama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Wewe ndiye binti wa huyo Maganga?"

"Ndimi, ndugu meneja."

"Na wewe ndiye unayeandika kitabu cha mashine. Na baba yako hakupata shamba. Na sasa umefunga safari kuja kuniambia mashine imekosea." Alivua miwani. "Nikueleze linavyosikika huko nje? Linasikika kwamba mtoto anamtafutia baba yake shamba."

Lilimchoma, maana kutoka nje lilikuwa linafanana hivyo hasa.

"Baba yangu yumo," Marta alisema. "Siwezi kusema hayumo. Lakini wapo wengi wenye sifuri, nimekuja na majina ya wakuu wa kaya wote. Na mashine haikukosea. Nimekosea mimi. Niliacha sentensi."

Akaweka mbele yake waraka na ukurasa. Asukile alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Kwa nini uliiacha? Sentensi moja?"

"Ukurasa ulikuwa umejaa. Stensili ilikuwa moja."

"Si uliomba nyingine?"

"Niliomba, ndugu meneja. Ombi lilirudi."

Asukile hakuuliza lilirudishwa na nani. Alikuwa anaikumbuka sahihi iliyolirudisha, kwa kuwa ilikuwa ya mkono wake mwenyewe. Alivaa miwani tena, akachukua karatasi ya majina, na sasa akamwashiria Marta akae.

"Hii nyota ni ya nini?"

Marta alimweleza: karani ataandika majina, wanaokula na kulala pale bila alama, na wa familia wasiokuwepo, kwa nyota. Kisanduku kikiwa kitupu, mashine itakwenda kwenye majina ihesabu yenyewe. Jina lenye nyota litachapwa pamoja na wenzake, mahali pake, lakini halitahesabiwa.

"Wewe uko Iringa. Na huyu Nkuba yuko wapi? Jeshini?"

"Ni marehemu. Ndugu yangu."

"Anaongeza eka?"

"Hapana. Anachapwa tu."

Meneja aligusa jina hilo kwa kidole. Nje lori la mbao lilipita likilalamika kupanda mlima.

"Wino wa jina moja hautaufilisi mradi," alisema mwishowe. Akainuka, akatafuta ufunguo kwenye koti, akafungua kabati la chuma. Akatoa boksi la stensili, zima, halijafunguliwa, akaliweka mapajani mwa Marta kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Andika sura nzima upya. Usibane. Kila karani apate nakala, hata aliyeko Madibira. Orodha irudiwe, nami nitatia sahihi. Nikisikia taa nyekundu, au sifuri, au baba yako amepata hata robo eka ya ziada, tutaonana."

"Ahsante, ndugu meneja."

"Nenda bwana, basi la mchana litakuacha."

Marta alishuka ngazi amelikumbatia boksi lile, akiwa amejaa shukrani hadi akamwamkia mlinzi mara mbili.

Siku zilizofuata Iringa ilikuwa kazi tu. Anania alipita nyumba kwa nyumba akiandika majina, na akatuma habari kwamba akina mama waliomfukuza safari ya kwanza sasa walimkalisha na kumpa uji, wakitaja watoto wao kama wanaowasifia. Edmund aliandika maagizo, akamletea Marta ayasome, Marta akaandika ukurasa, akampelekea Edmund ausome, na safari hii waraka wenyewe ulikuwa wazi mezani katikati yao. Edmund aliuliza maswali ya kijinga kwa makusudi. Karani akisahau nyota? Jina likirudiwa, babu na mjukuu? Nyumba ya mtu mmoja? Kila swali likapata mstari wake. Sura ya hitilafu ikawa ndefu kuliko sura zote, na ilikuwa mara ya kwanza Marta kuona raha kwa kitu kirefu.

Ukurasa wa kwanza alianza hivi: "Kisanduku cha idadi kikiwa kitupu, usidhani mwenye nyumba amekataa kujibu. Mwulize majina. Kuhesabu ni kazi ya mashine."

Mashine ilipoanza kupokea kadi, wote wawili walisimama wakiitazama taa nyekundu kwa mazoea ya zamani. Ilibaki imezimika. Karatasi ikaanza kutoka, haina sifuri.

Ijumaa, siku moja kabla ya maji, watu walikusanyika tena mbele ya ghala pale Rujewa. Edmund alikuja na Marta kwa Land-Rover ya mradi, akiwa na orodha mapajani njia nzima. Alisema amekuja kuhakikisha, lakini ukweli ni kwamba alitaka kumwona yule mzee uso kwa uso akiwa amevaa viatu. Mama Marta pia alikuja. Mikutano haikuwa kawaida yake, akasimama nyuma kabisa na Ngolo mkononi.

Anania alipanda benchi. Safari hii usomaji ulikwenda taratibu, kwa sababu kila kaya ilikuwa na majina yake, na watu walijikuta wanasikiliza watoto wa wenzao wakitajwa mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka. Mtoto aliyesikia jina lake aliitika, na mkutano ukawa na kelele nzuri.

"Kaya ya Maganga," alisoma Anania. "Maganga. Milembe. Marta. Bartolomeo. Nkuba. Seni. Kashindye. Ngolo. Wanaokula hapa, sita. Shamba, eka tatu, mfereji wa pili."

Maganga alifumba macho. Wanaume waliokuwa karibu naye walimpiga mgongoni, na yule wa pombe akamshika mkono kwa mikono miwili akasema, "Karibu duniani, mzee," na Maganga akacheka, safari hii kwa tumbo lote. Eka tatu za maji. Hawahami tena. Alimtafuta binti yake kwa macho, akamwona, akamnyooshea bakora juu.

Lakini nyuma ya mkutano palikuwa pamenyamaza. Majirani waliotoka nao Shinyanga, waliosaidia kuchimba kaburi lile ng'ambo ya mto, walikuwa wamegeuka kumtazama Mama Marta. Alikuwa anapita katikati yao, wanampisha, hadi akafika chini ya benchi.

"Kijana," alimwambia Anania. "Rudia hilo jina."

"Lipi, mama?"

"Hilo lililo baada ya Bartolomeo."

Anania aliangalia karatasi. Alikuwa anajua nyota ina maana gani, kwa kuwa aliiweka mwenyewe kwenye kadi. Akalisafisha koo lake.

"Nkuba," alisoma, kwa sauti ya kumfikia kila mtu.

Mama Marta aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea kitu kwa mikono. Kisha akamwuliza Marta ni nani aliyeifundisha mashine kulitaja. Marta akamwonyesha Edmund, aliyekuwa amesimama kando ya gari na kalamu zake. Mama alimwendea, akapiga goti, akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili.

"Wabeja," alisema. "Wabeja gete, baba." Akaendelea kwa Kisukuma, maneno mengi, ya chinichini, bila kumwachia mkono.

Edmund hakujua Kisukuma hata kidogo. Alimtazama Marta kwa kuomba msaada.

"Anasemaje?"

Marta alianza kutafsiri, kazi yake ya kila siku, akachagua neno moja tu.

"Anasema ahsante."

"Mwambie hakuna shida. Shamba ni haki yao."

Marta alimtazama mama yake, aliyekuwa bado ameushika mkono ule.

"Shamba bado hajaliulizia," alisema.